Nyakati za Mchana na Usiku katika Njia ya Tabora: Maneno ya Kiingereza na Mipaka Yake

Mtu anayejifunza Kiingereza hufundishwa mapema maneno machache ya nyakati: «morning», «noon», «afternoon», «evening» na «night». Mgeni anayejifunza Kiswahili naye hupewa orodha iyo hiyo, na mbele ya kila neno limewekwa neno moja: asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni, usiku. Orodha ya namna hii hukaririwa upesi, lakini yadai jambo ambalo si kweli, yaani kwamba lugha hizi mbili zimeikata siku mahali pamoja. Kosa hili ni dogo sokoni, ambako wasemaji wote wawili hulitazama jua wakaelewana. Ni kubwa katika kamusi, katika tafsiri, na katika usomaji wa maandiko ya kale. Nalo laonekana wazi zaidi katika habari za njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na toka huko ikaendelea hata Ujiji. Maana katika njia hiyo kuujua wakati wa siku kulikuwa ni kuyajua maji yalipo.

Yafaa kuanza na maneno ya Kiingereza yenyewe. Neno «morning» lina mipaka miwili. Katika mazungumzo ya kila siku ni tangu kucha hata jua likaribie utosini. Lakini katika hesabu ya saa ni tangu saa sita ya usiku. Kwa hiyo Mwingereza husema «two in the morning» kwa saa nane ya usiku, wakati ambao Mswahili, awe wa pwani au wa bara, huuita usiku wa manane. Mfasiri anayeandika «saa nane asubuhi» ameandika wakati usiokuwapo. Kadhalika «midnight» aghalabu hufasiriwa kuwa usiku wa manane, hali «midnight» ni nukta moja, saa sita kamili, na manane ni kipindi kirefu cha usiku ulioshiba, watu wote wakiwa wamelala; tena neno lenyewe laonekana kuwa na nane ndani yake, wala si sita.

«Afternoon» huleta taabu zaidi. Kwa Mwingereza ni wakati wote tangu saa sita ya mchana hata jioni. Kwa Kiswahili kipindi hicho kina sehemu tatu: saa saba na saa nane ni mchana tu; saa tisa na saa kumi ni alasiri, wakati uliopimwa kwa urefu wa kivuli kwa ajili ya sala; na jua linapopunguza ukali wake, jioni imekwisha kuingia. Kuweka alasiri mbele ya «afternoon» bila maelezo ni kumwambia msomaji kwamba saa saba na nusu ni alasiri, jambo ambalo mwenye lugha hatalikubali. «Evening» nayo hupita mpaka kwa upande wa pili. Mwingereza aliyealikwa chakula cha «evening» huweza kufika saa mbili, giza limetanda zamani. Kwa mwenyeji wake huo ni usiku, na jioni imekwisha pamoja na mwanga wa mwisho wa jua.

Haifai kudhani kwamba Kiingereza ni lugha maskini katika jambo hili. Neno «noon» latoka katika Kilatini, nalo maana yake ya kwanza ni saa ya tisa, ikihesabiwa tangu macheo, ambayo ilikuwa saa ya sala katika Kanisa. Baadaye sala hiyo ilisogezwa nyuma, na jina likasogea pamoja nayo hata likakaa katikati ya mchana. Hivyo Kiingereza nacho zamani kiliikata siku kwa sala, kama Kiswahili kinavyofanya hata leo kwa maneno alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimesahau, na saa ya ukutani imechukua mahali pa mwadhini na pa jua.

Kiswahili hakikusahau, kwa sababu maneno yake ya nyakati yana mashina matatu ambayo yote yangali hai. La kwanza ni jua: mapambazuko, macheo, machweo. La pili ni sala. La tatu ni kazi: majogoo ni wakati wa kuwika jogoo, na kamusi za zamani zimehifadhi mafungulia ng'ombe, yaani wakati wa kuwatoa ng'ombe zizini asubuhi, umande ukiwa umekauka. Orodha ya vitabu vya kufundishia huchukua neno moja la jua, jingine la sala, ikayapanga kana kwamba yote ni ya ukoo mmoja. Lile la tatu, la kazi, haliingii kabisa.

Tena nguvu ya Kiswahili katika habari za wakati imo zaidi katika vitendo kuliko katika majina. Kucha na kuchwa ni shina moja, na kiungo kimoja tu, «w», kinatenga mwanzo wa mchana na mwisho wake. Toka hapo twatoka usiku kucha na mchana kutwa. Toka hapo tena kuchelewa, ambalo maana yake ya asili ni kukutwa na kucha kwa usiku, yaani kupambazukiwa kabla ya kuondoka, na mwenzake kuchwelewa, yaani kukutwa na machweo kabla ya kufika. Mwingereza ana neno moja, «late», kwa yote mawili. Kwa mtu wa safari hayo ni mambo mawili mbalimbali: aliyechelewa ameupoteza ubaridi wa asubuhi, na aliyechwelewa yumo porini gizani na mzigo kichwani. Kadhalika kurauka na kudamka, kushinda na kukesha: kila kimoja ni kitendo chenye saa yake ndani. Hata kutua husemwa juu ya jua, juu ya ndege, na juu ya mpagazi ashushaye mzigo, na mahali pa kutua ndipo kituo.

Hapo ndipo njia ya Tabora inapokuwa shahidi. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mji wa Waarabu na Waswahili ulio katika Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Katika kitabu chake cha 1860 Burton alieleza kwa urefu jinsi msafara ulivyoishi siku yake: jogoo aliyechukuliwa pamoja na mizigo akiwika kama saa kumi ya usiku, wapagazi wakiota moto na kusitasita kwa baridi, kisha kirangozi akitangulia na bendera, na mwendo ukifanywa kabla jua halijawa kali. Kwa kawaida mwendo wa siku ulikwisha kabla ya adhuhuri au karibu nayo. Muda uliobaki ulikuwa wa kujenga vibanda, kutafuta chakula na kupika. Basi kwa msafara asubuhi ndiyo iliyokuwa siku ya kazi, na mchana wote uliobaki ulikuwa wa kambini.

Lakini palikuwa na siku zilizopinduliwa, na lugha ya njia ilizipa neno lake. Burton aliliandika tirikeza, na Henry Stanley baada yake akaliandika terekeza. Maana yake ni kuondoka baada ya jua kupita utosini. Sababu yake ilikuwa maji. Iwapo kutoka kisima kimoja hata kingine ni mbali kuliko mwendo wa asubuhi moja, msafara ulikaa penye maji hata baada ya adhuhuri, watu wakapika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Kisha wakaondoka katika joto kali kupita yote, wakaenda hata giza likaingia, wakalala pasipo maji, na alfajiri wakaondoka tena ili wafike penye maji kabla jua halijawashinda. Mahali palipojulikana sana kwa miendo hiyo ni Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambayo jina lake maana yake ni shamba kali. Burton aliihesabu tirikeza kuwa miongoni mwa mateso makubwa ya safari za Afrika, naye alikuwa mtu asiyechukua mzigo.

Kiingereza kimelifasiri neno hili kuwa «afternoon march», mwendo wa baada ya saa sita. Kwa saa, tafsiri hiyo ni sahihi. Kwa maana, imeondoa karibu kila kitu: hakuna ndani yake maji, wala usiku wa kiu, wala alfajiri ya siku ya pili, ambayo ni sehemu ya neno lenyewe. Msomaji wa Kiingereza huona kwamba msafara siku hiyo uliondoka mchana badala ya asubuhi, kana kwamba kiongozi alibadili nia. Hali ya msomaji wa Kiswahili wa leo nayo si bora. Kutelekeza kwake ni kumwacha mtu au kitu pasipo matunzo, kama baba aliyetelekeza watoto. Akikutana na neno la misafara katika maandiko ya kale, hudhani kwamba msafara ulitupwa njiani. Neno lililobeba elimu yote ya visima vya Mgunda Mkali limesahauliwa na wenye lugha na kupunguzwa na wafasiri. Kamusi yoyote ya historia ya Kiswahili itakayotungwa haina budi kulirudishia maana yake kamili.

Kosa la pili lagusa tarehe. Kwa hesabu ya Kiislamu, iliyofuatwa na Waswahili wa pwani na wafanya biashara waliokaa Tabora, siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa basi ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Mwingereza asemapo «Friday night» ataka usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Mfasiri akitia neno kwa neno, tukio limehamishwa siku moja nzima. Jambo hili si la mzaha kwa wasomao maandiko ya njia hii, kama vile Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyatoa Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na ambayo W. H. Whiteley aliyatoa tena, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Au habari za Sleman bin Mwenye Chande alizozikusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli. Mwanahistoria anayelinganisha maandiko hayo na shajara za Wazungu waliokuwa Tabora wakati ule huweza kuona hitilafu ya siku moja, akamtuhumu msimulizi kwa kusahau, hali msimulizi hakusahau: alihesabu siku kama watu wake walivyohesabu. Magazeti ya leo yameona hatari hii, yakazoea kusema «usiku wa kuamkia Ijumaa», usemi ambao hauwezi kukosewa. Wafasiri wangefanya vema kuuiga.

Iko pia mifano inayoonyesha Kiswahili kikikaribia maandiko ya kale kuliko Kiingereza. Katika Injili saa huhesabiwa tangu macheo. Tafsiri za Kiswahili zimeandika saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na msomaji wa Tabora au wa Mombasa hahitaji maelezo. Katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, wale walioajiriwa saa kumi na moja walibakiwa na saa moja ya mchana. Yeyote aliyepata kulima huona mara moja ukubwa wa ukarimu wa mwenye shamba. Msomaji wa Kiingereza husoma saa ya kumi na moja, na asipoelezwa hufikiri ni karibu na adhuhuri, au karibu na kati ya usiku. Usemi huo umebaki katika Kiingereza kama methali ya dakika za mwisho, na jua limetoka ndani yake.

Hata hivyo si haki kuvilaumu vitabu vya Kiingereza peke yake. Wenye Kiswahili nao wamekubali kosa jingine, yaani kuyafunga maneno ya jua katika saa ya pwani. Macheo husemwa kuwa saa kumi na mbili asubuhi, machweo saa kumi na mbili jioni, adhuhuri saa sita. Zamani, kila mji ulipofuata jua lake, maneno hayo yalikuwa kweli, au karibu na kweli, kila mahali. Utaratibu wa majira ya dunia ulipatanwa huko Washington mwaka 1884, na reli, ambayo haiwezi kwenda kwa jua la kila mji, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo Afrika ya Mashariki hufuata saa ya mstari wa 45 wa longitudo, unaopita karibu na Mogadishu. Tabora iko karibu na 32.8. Kila digrii moja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo jua la Tabora limechelewa nyuma ya saa yake kwa dakika 49 hivi, la Bagamoyo kwa dakika 24, na la Ujiji kwa saa moja nzima.

Matokeo yake hayajaandikwa katika kamusi. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo jua huchomoza Tabora kabla ya saa 12 na dakika 20 asubuhi. Mwezi wa Julai huchomoza karibu na saa moja kamili. Saa sita ya mchana jua la Tabora halijafika utosini. Kwa wastani hufika kama saa saba kasorobo au baadaye kidogo. Mwezi wa Februari jua huchwa saa 1 na dakika 10 hivi, hali Dar es Salaam limekwisha kuchwa dakika 25 kabla. Basi mtangazaji wa Dar es Salaam asemapo «saa moja usiku», yeye asema kweli, na msikilizaji wa Tabora ameketi nje akilitazama jua. Vilevile «saa kumi alfajiri» huko Tabora ni giza tupu, alfajiri ya kweli ikiwa bado saa moja na zaidi. Maneno hayakukosea, yaliyokosea ni maelezo yake. Aliyeandika kwamba macheo ni saa kumi na mbili amelifasiri jua kwa saa ya ukutani, kosa lile lile lililofanywa na Kiingereza katika neno «noon».

Jambo hili lahusu pia maamkizi. Kiingereza kina maamkizi ya «morning», «afternoon» na «evening», na «good night» ni neno la kuagana. Sabalkheri na masalkheri, yaliyotoka katika Kiarabu, huigawa siku mara mbili tu. Na neno la kuagana usiku ni alamsiki, ambalo huitikiwa binuru. Wanyamwezi na Wasukuma nao husema mwangaluka asubuhi, na mwadila mchana ukiendelea. Hivyo mtoto wa Tabora hutoka nyumbani na mgawanyo wa sehemu mbili, akakuta darasani mgawanyo wa sehemu tatu. Akimsalimu mwalimu kwa «good night» wakati wa kuingia, hacheki mtu. Amefuata «habari za usiku» ya Kiswahili, ambayo ni salamu ya kukutana. Kumsahihisha bila kumweleza mpaka ulipo ni kumfundisha kuogopa, si kumfundisha lugha.

Kwa hayo yote, mambo matatu yahitajiwa. Kwanza, kila neno la wakati katika kamusi lielezwe kwa jua au kwa tendo kabla ya kuelezwa kwa saa, na saa ikitajwa, itajwe na mahali pake: macheo ni kuchomoza kwa jua, ambako Zanzibar na Tabora hakuwi saa moja. Pili, maneno ya Kiingereza yasiwekewe neno moja la Kiswahili bali kipindi: mbele ya «afternoon» yawekwe mchana, alasiri na jioni, pamoja na mpaka wa kila moja, na mbele ya «morning» ikumbukwe sehemu yake iliyomo usikuni. Tatu, maneno ya safari, kama hilo la tirikeza, yakusanywe toka maandiko ya karne ya 19 na toka vinywa vya wazee wa Unyamwezi, kabla hayajabaki katika tahajia za wageni tu.

Wapagazi waliopita Mgunda Mkali hawakuacha shajara. Waliloacha ni maneno, na katika kila moja wamo jua, kivuli, maji na mzigo. Mfasiri anayeandika «afternoon» peke yake amewaondolea hata hilo.